Saa 100 za Dhahran: Programu nazo huzeeka, na uzee wake unapimika

Usiku wa Februari 25, 1991, yapata saa tatu kasoro, kombora la Scud lililorushwa kutoka Iraq lilikuwa linashuka juu ya Dhahran, mashariki mwa Saudi Arabia. Chini kulikuwa na ghala lililogeuzwa bweni la wanajeshi wa Marekani. Ulinzi wa eneo hilo ulikuwa mikononi mwa mtambo wa Patriot, uliopelekwa huko kwa kazi hiyo hasa ya kudungua makombora.

Mtambo ulikuwa umewashwa, rada ikipekua anga. Lakini Patriot haikufyatua chochote. Kombora lilitua bwenini na kuua wanajeshi 28. Kati yao, 13 walikuwa wa kikosi kimoja cha akiba cha kusafisha maji, kutoka mji mdogo wa Greensburg, Pennsylvania. Walikuwa hawajatimiza hata wiki mbili tangu watue nchini humo.

Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilichunguza na kutoa ripoti yake mwaka 1992. Chanzo kilikuwa programu ya kompyuta. Haikuwa imeharibiwa na adui, wala hakuna mhudumu aliyebonyeza kitufe kisichofaa. Ilikuwa imeachwa ifanye kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 100, na kila saa iliyopita ilikuwa inaipotosha kidogo.

Kwa neno moja, ilikuwa imechoka.

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba programu haichakai. Tairi linaisha, bati linashika kutu, mchwa wanakula boriti, lakini programu ni maandishi tu, na maandishi hayaozi. Imani hiyo ndiyo inayotufanya tukifika dirishani na kuambiwa "sistimu iko chini", tuichukue kama mvua: imekuja, itapita. Ukweli ni kwamba mara nyingi sistimu ilianza kushuka siku nyingi kabla, na dalili zilikuwepo kwa yeyote ambaye angezihesabu.

Futi iliyopungua unywele

Patriot ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde. Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na kwa uandishi huo moja ya kumi haina mwisho, kama ambavyo kwetu theluthi huandikwa 0.3333 mpaka karatasi iishe. Programu ile ilikuwa na nafasi 24 tu. Kilichozidi kilikatwa.

Kilichokatwa kilikuwa kidogo mno, chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde kwa kila hesabu. Mfikirie fundi cherehani anayepima kitambaa kwa futi iliyopungua unywele mmoja. Kwenye shati la kwanza hakuna atakayejua. Lakini akipima jora baada ya jora, akianzia kila mara pale alipoishia, ipo siku suruali haitamwingia mteja.

Baada ya saa 100, saa ya ndani ya mtambo ilikuwa imekosea kwa sekunde 0.34. Inaonekana si kitu, mpaka ukumbuke kwamba Scud hukata zaidi ya meta 1,600 kwa sekunde moja. Patriot ilikuwa inaitafuta shabaha zaidi ya nusu kilomita kutoka pale ilipokuwa. Ikakuta anga tupu, ikahitimisha kwamba hakuna kitu kinachokuja.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba kipimo kilikuwepo. Wanajeshi wa Israel, waliokuwa na mitambo ya aina hiyohiyo, walikuwa wamepima. Februari 11, wiki mbili kabla ya vifo vile, ofisi ya Marekani inayosimamia Patriot ilipokea takwimu zao: mtambo ukikaa saa 8 bila kuzimwa, dirisha ambamo rada hutafuta shabaha huwa limesogea kwa asilimia 20.

Februari 21 vikosi vilitumiwa ujumbe. Uliviambia kwamba kuuacha mtambo ukifanya kazi kwa muda mrefu sana kunaweza kusogeza dirisha hilo. Haukusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Wakuu walidhani hakuna kikosi ambacho kingeuacha mtambo ukiwaka kiasi hicho. Patriot ilibuniwa kwa vita vya kuhamahama Ulaya, ambako ungekaa mahali saa chache, uzimwe, uhamishwe. Dhahran haukuhamishwa.

> Kuuzima na kuuwasha upya kungechukua sekunde 60 hadi 90. Saa ya ndani ingerudi sifuri.

Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran Februari 26, siku moja baada ya kombora kutua.

Simu nzima isiyofaa

Miaka mitatu baadaye, kwenye mkutano wa wahandisi wa programu mjini Sorrento, Italia, David Parnas, profesa aliyekuwa akifundisha Kanada, alisoma mada aliyoipa jina la wazi kabisa: kuzeeka kwa programu. Alisema programu huzeeka kwa magonjwa mawili. La kwanza ni kubaki pale ilipo wakati dunia inasonga. La pili ni kupasuliwa na watu wasioijua.

Ugonjwa wa kwanza niliuona sebuleni kwa mama yangu. Simu yake ilikuwa nzima, haina hata ufa, betri inamaliza siku. Asubuhi moja programu anayoitumia kuongea na wajukuu ikamwandikia kwamba haiwezi tena kufanya kazi kwenye simu hiyo. Akanipa niishike. "Mwanangu, mbona jana ilikuwa inaongea?"

Sikuwa na jibu rahisi. Ndani ya simu ile hakuna herufi moja iliyokuwa imebadilika tangu jana. Kilichobadilika kilikuwa nje: seva za mbali, funguo za usalama zenye tarehe ya mwisho, matoleo mapya ambayo mfumo wake wa zamani haukuyajua. Programu yake ilikuwa imesimama kituoni na basi limeondoka.

Ugonjwa wa pili una shahidi palepale kwenye Patriot. Programu ile ilikuwa imefanyiwa marekebisho kabla ya usiku ule, ikaongezewa njia bora zaidi ya kubadili wakati. Lakini mabadiliko hayo hayakuingizwa kila mahali palipohitajika. Huku ikapimwa kwa futi mpya, kule kwa futi ya zamani. Kama futi ingekuwa moja, hata ikiwa mbovu, makosa yangefutana kwa sehemu kubwa wakati wa kutoa hesabu moja kwenye nyingine. Mpasuaji aliyeacha kazi nusu ndiye aliyeongeza ugonjwa.

Sahani za mama lishe

Kuna uzee wa namna nyingine ambao Parnas aliugusa juujuu, nao ndio tunaokutana nao kila siku. Ni ule wa programu kuchoka kwa kukesha, kama Patriot ilivyokesha. Mwaka 1995 watafiti wa AT&T nchini Marekani, Yennun Huang na wenzake, waliandika juu yake kwa kina na kupendekeza dawa: usingoje ianguke, ipumzishe kwa ratiba.

Sababu yake kubwa ni kumbukumbu ya kompyuta. Programu inapofanya kazi huazima nafasi humo, na ikimaliza inatakiwa kuirudisha. Isiporudisha, nafasi huvuja. Ni kama mama lishe anayewapelekea mafundi wa gereji chakula kwenye sahani zake. Sahani mbili zisiporudi leo, biashara inaendelea. Kesho mbili nyingine. Wiki ya tatu wali umeiva, mchuzi upo, wateja wamekaa kwenye mabenchi, na hakuna sahani ya kupakulia. Mpita njia atasema mama lishe leo kashindwa kazi. Hakushindwa leo.

Uzuri wa uzee huu ni kwamba unapimika kwa urahisi kuliko mwingine wote. Mwaka 1998 Kishor Trivedi wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walionyesha njia. Waliziweka kompyuta chini ya uangalizi, wakawa wanarekodi kila baada ya muda kiasi cha kumbukumbu iliyobaki na rasilimali nyingine. Kisha wakauliza swali la mkulima anayetazama ghala: kwa kasi hii ya kupungua, akiba itaisha lini?

Ugumu uko kwenye mawimbi. Matumizi hupanda mchana na kushuka usiku, kwa hiyo ukipima Jumatatu asubuhi na Jumatatu jioni utajidanganya. Inabidi upime kwa siku nyingi, saa zilezile, mpaka mteremko ujitokeze chini ya mawimbi. Lakini ukishauona mteremko, una tarehe mkononi. Una kitu ambacho kikosi cha Dhahran hakikupewa.

Namba ikijulikana, nani aikumbuke?

Hapa wataalamu wanagawanyika. Wapo wanaosema kuzima na kuwasha ni kufunika kidonda kwa kitambaa safi. Tafuta pale sahani zinapopotelea, uzibe. Kila mara unapowasha upya, wanasema, unamsamehe mwandishi wa programu na unajifunza kuishi na ubovu.

Wenzao wanajibu kwamba programu kubwa ina mamilioni ya mistari na imejengwa juu ya programu za watu wengine, na hakuna atakayeimaliza yote kwa macho. Wakati unaendelea kutafuta tundu, mgonjwa apewe dawa.

Mimi niko upande wa dawa, kwa sharti moja ambalo California ilitufundisha. Septemba 14, 2004, kituo cha kuongozea ndege cha Palmdale, kinachosimamia anga la Los Angeles, kilipoteza mawasiliano ya sauti na mamia ya ndege zilizokuwa angani. Kwa zaidi ya saa tatu waongozaji walikuwa wanaziona kwenye rada bila kuweza kusema nazo. Angalau mara tano ndege zilikaribiana kuliko inavyoruhusiwa.

Mfumo wa sauti wa kituo hicho ulikuwa na kihesabio kinachohesabu sehemu za elfu za sekunde, nacho hufika mwisho wake baada ya siku 49.7. Namba ilijulikana. Kulikuwa na agizo kwamba mfumo uwashwe upya kila baada ya siku 30. Mwezi ule fundi hakufanya hivyo, na mfumo ukajizima wenyewe. Ule wa akiba nao ukashindwa mara tu ulipoitwa kazini.

> Uhai wa abiria ulikuwa umening'inizwa kwenye kumbukumbu ya fundi mmoja.

Watu wa ndege wameendelea kuishi na namba hizi, ila sasa wanazitangaza. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliamuru kwamba umeme wa ndege za Boeing 787 uzimwe kabla haujatimiza siku 248 mfululizo. Kihesabio ndani ya vidhibiti vya jenereta kingejaa, na ndege ingeweza kupoteza umeme wake mkuu ikiwa angani. Ndiyo hiyo Dreamliner ambayo Kenya Airways ilikuwa imeanza kuirusha mwaka mmoja kabla, na ambayo Air Tanzania iliipokea mwaka 2018. Airbus A350 nayo iliamriwa mwaka 2017, na mamlaka ya Ulaya, kwamba isipitishe saa 149 bila kuzimwa.

Abiria akisikia hayo anaweza kuogopa kupanda. Mimi yananituliza. Kuna namba, kuna amri yenye nguvu ya sheria, na kuna mtu atakayeulizwa.

Kupima mifupa

Uzee wa programu kupasuliwa mara kwa mara ni mgumu zaidi kupima, kwa sababu hauonekani kwa mtumiaji. Unaonekana kwa fundi: kazi iliyokuwa ya siku moja inakuwa ya wiki.

Meir Lehman alianza kuufuatilia mwaka 1969 akiwa IBM, kwa kutazama jinsi mfumo wa OS/360 ulivyokuwa unanenepa toleo hadi toleo. Alikuja kusema kwamba programu inayotumika na watu lazima ibadilishwe daima, ama itazidi kutofaa, na kwamba kila badiliko huongeza utata mpaka ifanyike kazi ya makusudi ya kuupunguza.

Wengine wakatafuta vipimo. Thomas McCabe alipendekeza mwaka 1976 kuhesabu njia panda ndani ya kila kipande cha programu: kila "kama hivi, basi vile" ni njia panda moja, na zikizidi 10 kipande kigawanywe. Wakosoaji wakasema kwa sehemu kubwa hesabu hiyo inarudia tu yale ambayo idadi ya mistari ingekuambia. Nadhani wana hoja. Urefu wa kitabu haukuambii kama kinasomeka.

Kipimo kinachonishawishi kuliko vyote kilitoka kwenye mtambo wa simu. Stephen Eick na wenzake walipata kumbukumbu za mabadiliko yote ya programu ya swichi kubwa ya simu ya Marekani, yenye mistari ipatayo milioni 100, iliyohudumiwa na maelfu ya watu kwa miaka 15. Kwenye utafiti waliouchapisha mwaka 2001 hawakuuliza programu ni ndefu kiasi gani. Waliuliza: ukitaka kubadili jambo moja, unalazimika kugusa mafaili mangapi?

Mwaka 1989, chini ya asilimia 2 ya mabadiliko yaligusa zaidi ya faili moja. Kufikia 1996 ilikuwa zaidi ya asilimia 5. Aliyewahi kukarabati nyumba ya zamani anaijua hali hiyo. Umeingia kubadili kitasa, ukakuta fremu imeliwa, ukigusa fremu plasta inaanguka, na nyuma ya plasta kuna waya wa umeme ambao hakuna aliyejua kama upo. Nyumba inayokufanyia hivyo ni kuukuu, hata kama imepakwa rangi juzi.

Kuhama au kukarabati

Swali la pesa huja hapo. Programu imezeeka: uijenge upya au uendelee kuitibu?

M-Pesa ni mfano wa walioamua kuhama. Wazo lake la majaribio lilikuwa kulipa mikopo midogo kwa simu. Ilipozinduliwa Kenya Machi 2007 ilikuwa imekuwa njia ya kutumiana pesa, na ndani ya miaka michache ikabeba karo, mishahara, bili na mauzo ya sokoni. Seva zake zilikuwa Ujerumani. Aprili 2015 Safaricom ilihamishia huduma kwenye mfumo mpya, na seva zikaja Kenya. Mfumo uliokusudiwa kazi ndogo ulikuwa umebebeshwa nchi, na wenye nao waliuhamisha kabla haujaanguka moja kwa moja.

Benki ya TSB ya Uingereza nayo ilihama, Aprili 2018. Data zilifika salama lakini mfumo mpya ukaemewa. Wateja wapatao milioni 1.9 walishindwa kuzifikia akaunti zao, wengine kwa wiki kadhaa. Miaka minne baadaye wasimamizi waliitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Kwa hiyo anayesema "tupa, nunua mpya" na anayesema "usiguse kinachofanya kazi" wote wanaweza kukuua. Programu mpya ni changa tu, haijapata muda wa kuonyesha magonjwa yake. Na ile ya zamani ina hekima ndani yake, kanuni ndogondogo zilizoongezwa baada ya kila balaa, ambazo mara nyingi hazijaandikwa mahali pengine popote.

Jumanne ya Januari 2038

Kuna uzee mmoja ambao tarehe yake inajulikana mpaka kwenye sekunde. Mifumo mingi iliyojengwa kwa mtindo wa Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Ile inayotunza hesabu hiyo kwenye nafasi 32 itajaa Januari 19, 2038. Kwetu Afrika Mashariki itakuwa Jumanne asubuhi, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7. Sekunde itakayofuata, mfumo ambao haujatibiwa utaamini kwamba ni Desemba 13, 1901, siku chache kabla reli ya kutoka Mombasa haijafika Ziwa Victoria.

Kompyuta na simu za kisasa nyingi zimeshahamia nafasi 64. Wasiwasi uko kwenye vifaa vidogo vinavyofungwa ukutani na kusahaulika: mita, vidhibiti vya pampu, mitambo ya hospitali. Kifaa kinachofungwa leo kinaweza kabisa kuwa hai siku hiyo.

Tena si lazima tungoje 2038. Benki Kuu ya Tanzania ilianza mwaka 2021 kuuza hatifungani za serikali za miaka 25. Ya kwanza inaiva 2046. Programu yoyote, ya benki au ya dalali, iliyotakiwa kuandika tarehe hiyo kwenye nafasi 32 ilikutana na ukuta siku ileile ya mauzo.

Mkaguzi anayetaka kujua hali ya mfumo hahitaji mashine ya ajabu. Aupe tarehe ya 2046 aone itakavyoandikwa. Aulize umekaa siku ngapi bila kuzimwa, na nani ameandikiwa kuuzima. Aombe orodha ya mabadiliko ya mwaka mzima, ahesabu mafaili.

Nilipoanza kuandika makala haya niliweka daftari la shule kando ya kompyuta yangu ya kazini, ambayo kwa miezi nimekuwa nikilalamika tu kwamba "imeanza kuwa nzito". Kila siku saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri nimeandika kiasi cha kumbukumbu iliyobaki. Siku tatu za kwanza namba zilipanda na kushuka, sikuona kitu. Kufikia siku ya tisa nilichora mstari kwa rula na penseli, na ukaelekea chini bila kuyumba. Nikaurefusha mpaka ukagusa ukingo wa karatasi. Umeangukia Alhamisi ya wiki ijayo. Jumatano, saa tisa alasiri, nimeandika kwa wino mwekundu: zima.